Sauti ya Sheria: Utii na Ukaidi katika Utetezi wa Socrates na Crito

Utangulizi

Mnamo mwaka wa 399 K.K., baraza la raia wa Athens lilimtia Socrates hatiani na kumhukumu kifo. Alikuwa mzee wa miaka 70. Meletus, Anytus na Lycon walikuwa wamemshtaki kwamba haitambui miungu inayotambuliwa na mji, kwamba analeta miungu mipya, na kwamba anawapotosha vijana. Socrates mwenyewe hakuacha andiko lolote. Anayefahamika leo ni yule aliyechorwa na wengine, hasa na mwanafunzi wake Plato. Kwa sababu hiyo, suala la maadili ya Socrates ni suala la kifasihi kabla ya kuwa suala la kifalsafa: ni nani anayesema, anamwambia nani, na katika hali gani?

Makala haya yanachunguza maandishi mawili mafupi ya Plato, yaani Utetezi wa Socrates na Crito. Katika andiko la kwanza, Socrates anawaambia mahakimu wake kwamba hata wakimwachilia kwa sharti la kuacha kuwahoji watu, yeye hatawatii. Katika andiko la pili, majuma machache baadaye, anakataa kutoroka gerezani kwa sababu kutoroka ni kuzivunja sheria za mji. Mtu yule yule anakaidi na anatii. Wahakiki wengi wamejaribu kuuondoa mkinzano huu kwa kuliegemea andiko moja na kulipuuza la pili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maandishi haya yanapaswa kusomwa kama jozi. Msomaji anayeitenga hotuba ya Sheria katika Crito na kuifanya kuwa ndiyo mafundisho yote ya Socrates huishia kuhubiri utii ambao Socrates mwenyewe hakuuishi. Aidha, itaonyeshwa kwamba athari ya kudumu ya Socrates katika fikra za maadili, kutoka Roma ya kale hadi Afrika Kusini na Marekani za karne ya 20, imetokana na wale waliyabeba maandishi yote mawili kwa pamoja.

Ukaidi katika Utetezi

Utetezi ni hotuba ya mahakamani, lakini ni hotuba inayozigeuza desturi za mahakama. Ilikuwa kawaida mshtakiwa wa Athens kuwaleta watoto wake mbele ya mahakimu ili walie na kuamsha huruma. Socrates anataja kuwa ana wana watatu, kisha anasema hatawaleta. Anapotiwa hatiani na kutakiwa kupendekeza adhabu, anaanza kwa kudai kwamba anachostahili ni kulishwa kwa gharama ya mji, heshima waliyopewa washindi wa michezo ya Olympia. Baadaye tu ndipo anapotaja faini, kwanza mina moja ya fedha, kisha mina 30 kwa dhamana ya rafiki zake, Plato na Crito wakiwa miongoni mwao.

Xenophon, mwanafunzi mwingine wa Socrates, aliandika Utetezi wake mwenyewe, na humo majivuno haya yana sababu nyepesi: Socrates aliona kufa ni afadhali kuliko kungoja maradhi ya uzee. Plato hakuridhika na sababu hiyo. Kwake, lugha ya Socrates mahakamani inatokana na kanuni. Socrates anasema amepewa kazi na mungu wa Delphi ya kuwahoji watu juu ya hali ya nafsi zao, na kwamba askari hawezi kuliacha lindo lake kwa kuogopa kifo. Mji ukimwamuru aiache kazi hiyo, atamtii mungu kuliko mji.

Ili kuonyesha kwamba haya si maneno matupu, Socrates anatoa mifano miwili kutoka maisha yake. Mfano wa kwanza ni wa mwaka wa 406 K.K., baada ya vita vya baharini vya Arginusae. Umma wa Athens ulitaka majemadari walioshindwa kuwaokoa mabaharia wahukumiwe wote kwa pamoja, kinyume cha sheria. Socrates, aliyekuwa katika kamati iliyosimamia mkutano, alipinga huku watu wakimpigia kelele. Mfano wa pili ni wa mwaka wa 404 K.K., wakati mji ulipotawaliwa na wale Thelathini. Watawala hao waliwaamuru watu watano, Socrates akiwa mmojawao, wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe. Wanne walikwenda. Socrates alikwenda nyumbani kwake.

Mifano hii imepangwa kwa makusudi. Katika ule wa kwanza Socrates anasimama upande wa sheria dhidi ya umma; katika ule wa pili anakataa amri ya serikali iliyo madarakani. Mmoja unatokea chini ya demokrasia na mwingine chini ya udikteta wa wachache. Kinachoiunganisha si utii wala uasi. Ni kipimo kimoja ambacho Socrates anakitumia kwa kila mtawala: je, tendo ninaloamriwa ni la haki au ni la dhuluma?

Utii katika Crito

Mandhari ya Crito ni tofauti kabisa. Hapana umati wala kelele. Ni alfajiri gerezani, na wahusika ni wawili tu. Adhabu ya Socrates imecheleweshwa kwa sababu merikebu takatifu iliyotumwa Delos haijarejea, na kabla ya kurejea kwake mji hauruhusiwi kumuua mtu. Crito, rafiki wa umri wake na mtu mwenye mali, amekuja kumweleza kwamba mlinzi ameshazoezwa kwa fadhila, fedha zipo, na katika nchi ya Thessaly wapo wenyeji watakaompokea. Amemkuta Socrates amelala usingizi mtulivu na ameketi kimya bila kumwamsha. Kwa tendo hilo moja Plato anatuonyesha tofauti ya hali za nafsi za watu hawa wawili kabla hoja yoyote haijatolewa.

Hoja za Crito zinastahili kuangaliwa. Anasema watu watadhani rafiki zake Socrates walithamini fedha kuliko uhai wake. Anasema Socrates atawaacha wanawe yatima. Anasema pia kwamba kukaa ni kuwasaidia maadui. Hizi ni hoja za aibu, za jamaa na za sifa njema mbele za watu. Socrates hazidharau, ila anauliza kama maoni ya wengi ndiyo ya kufuatwa, au maoni ya yule anayejua haki na dhuluma. Kisha anakumbusha kanuni ambayo yeye na Crito walikuwa wamekubaliana juu yake tangu zamani: kwamba haifai kamwe kutenda dhuluma, hata kwa kulipiza dhuluma uliyotendewa.

Kanuni hii ndiyo kiini cha mchango wa Socrates katika maadili ya Ulimwengu wa kale. Katika jamii ya Kigiriki ilikuwa fikra ya kawaida kwamba mtu mwema huwafaa rafiki zake na kuwadhuru maadui zake. Socrates anaukata mnyororo huo wa kisasi. Anaongeza kwamba wanaoiamini kanuni hii ni wachache na watakuwa wachache daima, na kwamba kati yao na wasioiamini hapana mashauri ya pamoja yanayowezekana.

Sheria ni sauti ya nani?

Hapa ndipo ufundi wa Plato unapokuwa mgumu zaidi. Socrates anamuuliza Crito kama kutoroka bila ya idhini ya mji ni kumdhuru asiyestahili kudhuriwa. Crito anajibu kwamba hawezi kujibu kwa sababu haelewi. Ni baada ya jibu hilo ndipo Socrates anapoiacha njia yake ya kawaida ya maswali na majibu, na badala yake anatumia tashihisi: anazileta Sheria za Athens zisimame mbele yao na kusema.

Sheria zinasema kwa ukali. Zinadai kwamba ndizo zilizomzaa Socrates, kwa kuwa baba yake alimwoa mama yake chini yake. Ndizo zilizomlea na kumsomesha. Na kwamba yeye ni mwana wao na mtumwa wao. Haifai kumrudishia baba pigo, na nchi ni tukufu kuliko baba na mama. Mtu ana njia mbili tu: kuishawishi nchi au kuitii. Isitoshe, Socrates ameishi Athens miaka 70, hakutoka ila kwa vita na mara moja kwa michezo ya Isthmus, ilhali alikuwa huru kuchukua mali yake na kuhama. Kwa kukaa huko amekubali mapatano.

Wahakiki waliomwona Socrates kuwa mtetezi wa utii usio na mipaka wameitegemea hotuba hii. Lakini fani ya andiko inatoa tahadhari nne. Kwanza, hotuba inaanza pale Crito anaposhindwa kuelewa, kwa hivyo imesawazishwa na kiwango cha msikilizaji huyo. Pili, Sheria zinatumia mizani ile ile aliyoitumia Crito: aibu ya kuonekana amevaa ngozi kama mtoro, hatima ya watoto, hatari kwa marafiki. Tatu, hoja ya mzazi na mtumwa haikutajwa na Socrates alipokuwa akisema kwa kinywa chake mwenyewe. Yeye alitaja tu kutodhulumu na kutimiza mapatano ya haki. Nne, mwishoni Socrates anasema kwamba maneno haya yanamvumia masikioni kama vile wacheza ngoma za Wakorybantes wanavyodhani wanasikia filimbi, hata asiweze kusikia jingine. Hii ni tashbihi ya kushangaza. Mtu aliyeishi kwa kuuliza maswali anamalizia kwa sauti inayozuia maswali.

Hata hivyo, haifai kuvuka mpaka na kudai kwamba hotuba nzima ni kejeli. Socrates hakutoroka. Alikunywa sumu. Mhakiki asiyeyatilia maanani matokeo hayo hutoa tafsiri ambayo kifo chenyewe kinaikanusha. Lililo sahihi ni kwamba Socrates na Sheria wanafikia uamuzi mmoja kwa njia mbili. Sheria zinataka atii kwa kuwa zina mamlaka juu yake. Socrates anakaa kwa kuwa kutoroka, kwa hongo na kwa kificho, kungekuwa ni kutenda dhuluma ili kulipiza dhuluma. Sheria zenyewe zinakiri jambo hili mwishoni zinaposema kwamba akifa sasa, atakufa akiwa amedhulumiwa na watu, wala si na Sheria. Kukiri huko kunaacha nafasi kati ya sheria na wanaoitumia, na ni katika nafasi hiyo ambapo Socrates wa Utetezi alisimama alipokataa kumkamata Leon.

Kwa msomaji wa Kiswahili, suala hili linajitokeza kwa namna ya pekee. Katika Kigiriki neno nomos lina maana ya sheria na vilevile ya mila na desturi. Neno hilo lina mzizi mmoja na kitenzi kilichotumiwa katika shtaka la kutoitambua miungu, hivi kwamba mshtakiwa na mlezi wanaitwa mbele yetu kwa mzizi ule ule. Neno letu "sheria", lililotokana na Kiarabu, limeegemea amri kuliko mila, na hubeba mwangwi wa dini. Aidha, Kiswahili humlazimisha mfasiri kuchagua kitu ambacho Plato hakulazimika kukichagua. Je, "Sheria zikasema" au "Sheria wakasema"? Upatanisho wa kwanza unaziweka Sheria katika ngeli ya vitu na kumkumbusha msomaji kila mara kwamba ni Socrates anayezisemea. Upatanisho wa pili unazipa uhai, kama wanyama wa ngano, na kuzikalisha kitako kama wazee wa mji. Uchaguzi huu wa kisarufi tayari ni uhakiki. Makala haya yamechagua "zikasema", kwa sababu zilizoelezwa hapo juu.

Kuna hatari nyingine. Hoja ya mzazi humwingia msomaji wa Kiswahili kwa wepesi mno. Mila ya pwani inaipa radhi ya wazazi uzito mkubwa. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka wa 1858, anaiweka radhi ya baba na ya mama karibu na ile ya Mungu na ya Mtume wake. Msemo wa asiyesikia la mkuu kuvunjika guu unafahamika na kila mtoto. Msomaji aliyelelewa hivyo anaweza kuikubali hotuba ya Sheria kabla hajaikagua, na akasahau kwamba Sheria hizo hizo zinampa mwana haki ya kumshawishi mzazi.

Athari katika vizazi vilivyofuata

Si wote waliofuata mfano wa Socrates. Inasimuliwa kwamba Aristotle alipotishiwa kushtakiwa kwa kukosa uchaji, baada ya kifo cha Alexander mwaka wa 323 K.K., aliondoka Athens akisema hatawaruhusu raia wake kuikosea falsafa mara ya pili. Alifariki Chalcis mwaka uliofuata. Hadithi hiyo, iwe ya kweli au ya kutungwa, ni uhakiki wa Crito: inasema kwamba kukimbia pia kunaweza kuwa njia ya kuukinga mji na dhambi.

Wastoiki walichukua njia nyingine. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, anakifunga kijitabu chake cha mafundisho kwa kauli mbili za Socrates zilizowekwa bega kwa bega. Moja, inayotoka Crito, ni ya kuyapokea yaliyowapendeza miungu. Nyingine, inayotoka Utetezi, ni kwamba Anytus na Meletus wanaweza kumuua lakini hawawezi kumdhuru. Mpangilio huo unaonyesha msomaji aliyeelewa kwamba utulivu wa gerezani na ukaidi wa mahakamani ni tabia moja.

Katika ulimwengu wa Kiislamu, ambako neno la Kigiriki liligeuka kuwa "falsafa" na kutufikia sisi kwa umbo hilo, Socrates alijulikana kama Suqrat. Tabibu na mwanafalsafa Abu Bakr al-Razi, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika risala juu ya maisha ya kifalsafa, na humo anamwita Socrates imamu. Alimhitaji kama kielelezo cha mwenendo, wala si kama mwenye nadharia tu.

Hegel naye, katika mihadhara yake juu ya historia ya falsafa, aliiona kesi hii kama tanzia ambamo haki mbili zinagongana: haki ya mji na haki ya dhamiri. Tafsiri hiyo ina nguvu, lakini inampa mshtaki zaidi ya anavyopewa na Plato. Kura 30 tu zikibadilika, anasema Socrates katika Utetezi, angeachiliwa. Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika.

Usomaji uliozaa matunda mengi zaidi ulitokea Afrika Kusini. Mwaka wa 1908, Mohandas Gandhi alichapisha katika gazeti la Indian Opinion muhtasari wa Utetezi kwa lugha ya Kigujarati, akimwita Socrates askari wa ukweli. Alikuwa ametoka kifungoni mwaka huo huo kwa kupinga sheria ya Transvaal iliyowataka Waasia wajiandikishe na kuchukuliwa alama za vidole. Utawala wa Kiingereza nchini India ulikipiga marufuku kijitabu hicho mwaka wa 1910. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka wa 1963, Martin Luther King alimtaja Socrates katika barua yake kutoka gereza la Birmingham. King alishikilia kwamba anayeivunja sheria dhalimu sharti aivunje waziwazi, kwa upendo, na akiwa tayari kuipokea adhabu. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni ya Utetezi, na sehemu ya pili ni ya Crito.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo haifai kufichwa. Hotuba ya Sheria inajengwa juu ya ridhaa: raia anaweza kushawishi na anaweza kuhama na mali yake. Watumwa wa Athens hawakuwa na uhuru huo, na wanawake wake hawakuwa na sauti katika baraza. Wahindi wa Transvaal hawakuwa na kura, na Wamarekani weusi wengi wa Alabama walizuiwa kuipiga. Sheria iliyomnyima mtu nafasi ya kuishawishi haiwezi kumwambia kwamba alikubali kuitii. Kwa hiyo, Gandhi na King walipoikubali adhabu hawakuwa wakilipa deni la mapatano. Walikuwa wakiishika ile kanuni ya zamani zaidi katika Crito, ile ambayo Socrates aliitamka kabla Sheria hazijafungua kinywa: kutomdhulumu hata anayekudhulumu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utii na ukaidi wa Socrates hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kutotenda dhuluma. Hotuba ya Sheria ni sehemu ya hoja hiyo, lakini si hoja yote, na fani ya Plato yenyewe imeweka alama za kuonya asiyesoma kwa makini. Mtawala anayemnukuu Socrates wa Crito ili kuwanyamazisha raia analazimika pia kumsikiliza Socrates wa Utetezi; na raia anayemnukuu Socrates wa Utetezi analazimika kujiuliza kama upinzani wake umeepukana na hongo, kificho na kisasi. Iwapo maandishi haya yatafasiriwa kwa Kiswahili ili yasomwe katika shule na vyuo vyetu, yafaa yachapishwe katika kitabu kimoja, Utetezi ukitangulia.